Msaidizi wa Winguni na Mahari ya Elipendo

Jamani, habari hii wengi mmeshaisikia kwa midomo ya watu wengine, na kila anayeisimulia anaiongezea chumvi yake, kuna mmoja kule Misigiri anaapa kabisa kwamba niliuza mabinti watatu kwa mpigo, kwa hiyo nimeona bora niiseme mwenyewe, niaibike mara moja kwa jumla kuliko kuendelea kuaibika rejareja.

Mimi naitwa Ntandu, nina kiwanda cha kukamua alizeti pale Mwankoko. Kiwanda ni neno kubwa kidogo (tuna mashine mbili, moja inapiga kelele, nyingine inapiga kelele na kufanya kazi), lakini kwenye kadi zangu imeandikwa Mkurugenzi Mtendaji, na kadi nilichapisha nyingi sana kwa sababu ukichapisha nyingi bei inashuka. Wanaonijua wanajua tabia yangu: sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza niliyotajiwa, hata duka la dawa nauliza mwisho ngapi, na chenji naihesabu mara mbili, mara ya kwanza mbele ya muuzaji na mara ya pili nikishageuka, maana ukimhesabia mtu mara mbili usoni anaona unamtukana.

Sasa sisi wafanyabiashara wa mjini Singida tuna umoja wetu, tunakutana kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na Ziwa Singidani, tunakula kuku, tunalalamikia barabara, tunarudi nyumbani. Mwaka huo mazungumzo yakabadilika. Alianza Mkurugenzi Gunda, mshindani wangu wa mafuta, mtu ambaye akinunua kofia mpya lazima aitoe na kuivaa mara nyingi mpaka umuulize. Akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya chini ili wote tusikie: "Sisi kampuni yetu tumeshahamia winguni."

Hakuna aliyeuliza wingu gani wala kuna nini huko. Mwenye vitunguu akatikisa kichwa kama mtu aliyetoka huko jana, akasema na yeye yuko njiani. Mama mmoja wa kuku wa kienyeji akasema wao wanaangalia zaidi upande wa akili mnemba. Nikaona zamu inanijia, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema: "Sisi tunafanya vyote viwili kwa pamoja, kuokoa gharama."

Hapo ndipo nilipojifunga. Hakuna mkurugenzi hata mmoja pale mezani aliyejua ana tatizo gani hasa linalotaka wingu au akili mnemba, tulichokuwa nacho wote ni hofu ya kuonekana tumebaki nyuma, na mimi hofu yangu ilikuwa na jina, ilikuwa inaitwa Gunda.

Wiki iliyofuata nikamtafuta binti mmoja wa Dodoma, Rehema, mtaalamu wa mambo hayo. Akaja kiwandani na kompyuta yake, akanisalimia shikamoo vizuri, akanieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka: wingu ni kompyuta kubwa za watu zilizoko mbali ambazo mimi nakodi nafasi humo, na humo tutaweka msaidizi wa akili mnemba, atasoma meseji zangu za zamani za biashara, ajifunze ninavyoongea na wateja, kisha awe anawajibu usiku na mchana bila kuchoka wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani.

Nikaipenda hapohapo. (Usoni sikuonyesha, usoni nilikunja kama mtu aliyeletewa alizeti yenye unyevu.)

Rehema akataja bei, na ndani ya bei kulikuwa na vitu kadhaa: laini mpya ya simu kwa ajili ya msaidizi peke yake, kitufe cha kumsimamisha ambacho ningekaa nacho mimi kwenye simu, mfanyakazi wangu mmoja kufundishwa awe anapitia majibu kabla hayajatumwa, na huduma ya dharura mpaka siku za wikendi.

"Laini mpya ya nini?" nikamuuliza. "Namba yangu wateja wote wanaijua. Toa hiyo."

"Mkurugenzi, lakini hiyo unapokea na mambo ya nyumbani."

"Si umesema anajua kutofautisha?"

"Watu uliowahifadhi kwa jina hatawajibu. Namba ngeni zote atazichukulia ni wateja."

"Basi, imeisha hiyo. Na kitufe toa, mimi sinunui mfanyakazi halafu nilipie na cha kumnyamazishia. Mtu wa kupitia majibu toa, sasa kama binadamu anapitia, akili mnemba ya nini? Na wikendi toa, Jumamosi nipo mwenyewe."

Rehema akaniangalia, akaniambia, "Mkurugenzi, umebakiza injini tu. Umetoa breki, taa na mlango."

"Injini ndiyo inayokwenda," nikamjibu, na nikacheka, na nikaona nimeshinda, jioni nikamsimulia mke wangu nilivyompunguza yule binti mpaka bei ikabaki chini ya nusu.

Na msaidizi akafanya kazi, lazima niseme ukweli. Alikuwa anaongea kama mimi kabisa. Mtu akiomba apunguziwe dumu la mafuta, anamjibu, "Ndugu yangu, hapo unanitoa damu," maneno yangu yale yale. Wateja wakaongezeka, na mimi sifa zikanipanda kichwani, nikawa kila kikao nasema "msaidizi wetu wa winguni" hata kama tunajadili choo cha ukumbi. Mwisho wakanipangia siku ya kuwafundisha wenzangu, Jumamosi, ukumbi mzima, na watu wakaalikwa mpaka kutoka Ikungi.

Wakati huo huo nyumbani tulikuwa na jambo kubwa kuliko wingu. Kaka yangu, mkulima wa Kinampanda, alikuwa anaozesha binti yake Elipendo, mwalimu, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Kwetu baba mzazi hakai kubishania mahari ya mwanawe, anasema mdogo wake, kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi. Kaka alinikabidhi kwa maneno machache: "Unajua kupatana. Lakini huyu ni mtoto, usipatane mpaka wakakimbia." Elipendo alikuwa anampenda Jonathani wake kweli kweli, wa Misigiri, kijana mtulivu, na mshenga wa upande wao alikuwa Mzee Msengi, mzee anayeongea polepole mpaka unaanza kumsaidia kumalizia sentensi, halafu unagundua umemalizia kwa faida yake.

Sisi tulitaja ng'ombe kumi. Wao walisema wanakwenda kukaa na ndugu. Na mimi, kwa ule ulevi wa sifa, nikamwambia mzee wakati wa kuagana: "Mzee wangu, msihangaike nauli kuja kutoa jibu. Nitumie meseji tu, siku hizi mambo yako mkononi." Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya."

Jumamosi ikafika. Nilivaa suti. Kaka nilimwalika akae mstari wa mbele, nilitaka aone mdogo wake anavyofundisha matajiri, akaja na shati lake la kanisani, akakaa mikono juu ya magoti. Rehema alikuwepo pembeni na kompyuta. Gunda alikuwa nyuma, amekunja mikono, anaombea umeme ukatike. Viti nilivihesabu wakati naingia, nikavihesabu tena nikiwa mbele, vyote vilikuwa na watu.

Simu yangu ikaunganishwa kwa waya, kila kilichoko kwenye kioo kikawa kinaonekana ukutani, herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Nikasema, "Ndugu wakurugenzi, leo sitawaeleza, nitawaonyesha." Haikupita muda namba ngeni ikaandika inauliza mashudu ya kulishia mifugo bei gani gunia. Msaidizi akajibu papo hapo, akaomba idadi, akamvuta mteja kutoka magunia matano mpaka nane. Ukumbi ukapiga makofi. Mama wa kuku akasimama kabisa kupiga. Nikamtafuta Gunda kwa macho, nikamwona anaangalia viatu vyake, na nikawaza, Mungu akinichukua leo nimeridhika.

Ndipo ukutani ikatokea namba nyingine ngeni:

"Ntandu, ni mimi Mzee Msengi wa Misigiri, natumia simu ya mkwe wangu, yangu haina chaji. Tumekaa na ndugu kuhusu binti yenu Elipendo. Ng'ombe kumi ni wengi. Tunaomba mtushushie, wawe saba."

Nilijua. Kabla sijamaliza kusoma nilijua, nikainyakua simu nijibu mimi, lakini vidole vya binadamu havina mbio hizo.

"Karibu sana mteja wetu mpendwa!" msaidizi akaandika. "Ndugu yangu, hapo unanitoa damu. Kwa saba hata gharama za uzalishaji hazirudi."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, halafu wote. Mzee wa rika la baba yangu ameitwa "ndugu yangu", hakupewa hata shikamoo, na kaka yangu mstari wa mbele anasoma neno kwa neno huku midomo ikitembea.

Mzee akajibu: "Gharama gani tena? Binti ni mmoja tu."

"Mmoja tunatoa kwa bei ya rejareja, mpendwa. Ukichukua kuanzia watatu unaingia bei ya jumla."

Hapo watu walianza kushikana mabega. Nilikuwa napapasa simu kila mahali kutafuta kitu cha kubonyeza, na ukutani watu wanaona ninavyofungua vitu visivyohusika, kikafunguka kikokotoo, ikafunguka picha ya ng'ombe wa shemeji yangu. Nikarudi kwenye meseji. Mzee alikuwa ameandika: "Nina vijana wengine wawili. Lakini kwanza, huyu wa sasa sifa zake zikoje?"

"Mali yetu ni safi, imechujwa mara mbili, haina harufu, na ukiiweka vizuri inakaa mwaka mzima bila kuharibika."

"Mwaka mmoja tu?" akauliza mzee.

Kaka akasimama. Hakupaza sauti, kaka huwa hapazi, lakini ukumbi wote ulimsikia: "Mdogo wangu. Unamuuza mwanangu pamoja na mashudu?"

"Kaka, siyo mimi!"

"Namba ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Basi zima hicho kitu!"

Nikauchomoa waya, ukuta ukawa mweupe. Nikaizima simu, nikaibonyeza mpaka ikafa kabisa, nikainyanyua juu kama mtu aliyeua nyoka. Nikapumua. Nikasema, "Ndugu wakurugenzi, na hii ndiyo sehemu ya pili ya somo, namna ya kusimamisha."

Rehema akainua mkono pale pembeni kwa adabu. "Samahani mkurugenzi. Kuzima simu hakusaidii. Hayumo kwenye simu. Yuko winguni, anaendelea."

"Mtoe huko winguni!"

"Kitufe ulikitoa."

"Piga simu kwenu Dodoma!"

"Leo Jumamosi, mkurugenzi. Na Jumamosi uliitoa."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata harusini. Mwenye vitunguu alianguka upande wa jirani yake. Gunda, mnyonge wa nusu saa iliyopita, alikuwa analia machozi na kujifuta kwa kitambaa cha meza, na bado ndani ya kile kicheko nikasikia sauti zinaomba, "Washa tuone mwisho wake! Washa bwana, tumelipa kiingilio!"

Nikawasha, siyo kwa ajili yao, kwa ajili ya roho yangu. Simu ikachukua muda wake kuamka, halafu meseji zikaingia kwa kufuatana. Sikurudisha waya, lakini kaka alikuwa ameshasogea begani kwangu na anasoma kwa sauti, macho yake hayaoni vizuri kwa karibu kwa hiyo anasoma kwa nguvu:

"Ofa ya leo tu! Ukikubali kabla ya saa kumi tunakupa kwa saba, tunafikisha mpaka mlangoni kwako bure, na ndoo ya lita kumi ya mafuta juu yake."

"Nimekubali," alikuwa ameandika Mzee Msengi. "Mashahidi ninao hapa, nimewasomea wote."

"Asante kwa kununua kwetu! Mzigo ukishapokelewa haurudishwi."

Kaka akanirudishia simu. "Twende Misigiri," akasema. Ni hayo tu.

Wakati natoka mlangoni, suti imelowa mgongoni, wakurugenzi watatu walinivuta pembeni mmoja mmoja. Nikadhani pole. Wote waliniuliza kitu kimoja: "Huyo msaidizi, kwani unampata kwa kiasi gani?" Mwenye vitunguu alisema kitu kinachoweza kumfungia mtu mteja kwa muda mfupi namna ile hawezi kukikosa. Nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyejifunza kitu, na kwamba mwalimu wao nilikuwa mimi.

Ile safari ndani ya gari ilikuwa ndefu. Elipendo alipiga tukiwa njiani, habari ilikuwa imeshamfikia, ilikuwa imefika hata kabla hatujawasha gari. Nikaweka sauti ya nje.

"Baba mdogo, shikamoo. Ni kweli nimechujwa mara mbili?"

"Marahaba mwanangu. Sikiliza..."

"Walimu wenzangu hapa wanacheka, na mimi nimecheka nao." Halafu sauti ikabadilika. "Lakini baba mdogo, ukoo wa Jonathani ni wa watu wanaojiheshimu. Wakisema wamedharauliwa, wakavunja, nitaolewa na nani mimi?"

Kaka akaangalia nje upande wake. Nilikuwa nimemwahidi kaka nitapatana kwa heshima, na sasa mtoto anaulizia maisha yake kwenye gari linalonuka mafuta ya alizeti. Nikamwambia, "Nitapiga magoti, mwanangu," na nilimaanisha hivyo.

Tulimkuta Mzee Msengi amekaa nje kwake na ndugu zake, viti vimepangwa nusu duara, na viti viwili vitupu mbele kama vinatusubiri. Sikukaa. Nilivua koti, nikainama, nikatoa shikamoo ndefu, moja kwa mzee na moja kwa kila aliyekuwepo, nikaanza kueleza, wingu, kompyuta, Dodoma, namba ngeni, maneno yanagongana mdomoni.

"Marahaba," akasema mzee. "Kaa chini, Ntandu. Nilijua siyo wewe."

"Ulijua, mzee?"

"Tangu mstari wa kwanza. Wewe una mambo yako, lakini hujawahi kunijibu bila shikamoo. Nikawaambia hawa, huyu aliyeshika simu siyo Ntandu, ni mgeni, na mgeni huwa hajui bei. Tuendelee naye."

Nusu duara yote ikatikisika kwa kucheka. Mmoja akasema, "Tuliona anaelekea kutoa na shamba."

Nikamtazama kaka. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanacheza, nikadhani analia, kumbe alikuwa anarudia polepole, "Gharama za uzalishaji..." na akashindwa kumaliza, akacheka mpaka akashika mbavu, na kaka yangu nimemwona akicheka mara chache sana katika maisha yangu.

Mzee akasubiri tutulie. "Sasa tuongee kama watu. Saba hatutawafanyia, mtoto yule si wa saba. Ndugu walikuwa wamekubali nane tangu juzi, saba nilikuwa najaribu tu." (Alinipiga pale, na nilimheshimu zaidi.) "Tutaleta nane. Baba yake anaonaje?"

Kaka akasema, "Nane wametosha. Mtoto aende kwa amani."

"Vizuri. Ila," mzee akaendelea na ule upole wake, "mambo ya kufikisha mpaka mlangoni, hayo yalisemwa mbele ya mashahidi. Hapa walikuwepo ndugu zangu, na huko nasikia ulikuwepo ukumbi mzima. Hayo hatuwaachii. Na ndoo."

"Mzee, kwa desturi nyie ndio mnakuja kumchukua bibi harusi, na usafiri..."

"Ntandu," akasema. "Unataka nimuulize yule mwingine?"

Basi. Siku ya harusi, lori langu la mafuta liliogeshwa mpaka rangi yake ya asili ikaonekana, likavishwa vitambaa vyeupe na maua, na dereva nilikuwa mimi mwenyewe, na suti ile ile, Elipendo amekaa mbele na shela lake, kaka katikati, ndoo ya lita kumi miguuni. Kuingia Misigiri wanawake wamejipanga barabarani na vigelegele, na mshereheshaji hakuwa na haya, akatangaza kwenye kipaza sauti, "Mzigo umefika salama, mteja aje kukagua!" Jonathani akaja mbio, hakukagua kitu, alimbeba mkewe akamshusha. Mzee Msengi yeye alikagua. Aliifungua ile ndoo, akachungulia, akaniuliza kama ni lita kumi kweli, nikamwambia nimepima mara mbili, akaagiza iletwe dumu akapima mwenyewe.

Msaidizi bado ninaye, biashara haina kinyongo. Lakini Jumatatu iliyofuata nilimwita Rehema, nikamwambia arudishe kila kitu: laini ya peke yake, kitufe, mtu wa kupitia majibu, Jumamosi na Jumapili. Akaandika, akataja bei, ile ile ya mwanzo. Nikatoa hela, nikampa. Rehema akazishika, akazitazama, akanitazama na mimi, akauliza kama naumwa, na nilipomwambia siumwi, akauliza tena.